Umeme Ukirudi, Huduma za Seva Yako Zinaamka?

Umeme unakatika Mtwara au Lindi, unarudi baada ya saa mbili, seva inawaka. Taa zake zote ni za kijani, lakini karani wa chama cha msingi hawezi kuingiza kilo za korosho kwa sababu hifadhidata haijaamka. Mkulima amesimama dirishani akisubiri stakabadhi yake.

Kwenye mifumo endeshi ya jamii ya Unix, programu ya kwanza hupewa namba 1, nayo ndiyo huamsha huduma nyingine, kama hifadhidata. Tofauti iko kwenye namna ya kuziamsha.

Mtindo wa zamani, System V, hutumia skripti za /etc/init.d zilizopangwa kwa namba: S20 hutangulia S80. Ni rahisi kuusoma, ila huduma ikianguka usiku hubaki chini mpaka fundi afike. Kwenye FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii hiyo, kila skripti hutaja inachohitaji, na programu ya rcorder hupanga foleni. Naupenda unyoofu huo, ingawa nao hauinui kilichoanguka bila nyongeza.

systemd, mtindo mpya wa kuamsha huduma kwenye Linux, ilitoka mwaka 2010, na kufikia 2015 matoleo ya Linux ya Debian na Ubuntu yalikuwa yameifanya chaguo lao la kawaida. Ilizua ubishi mkali, hata baadhi ya watu wa Debian wakajitenga na kuunda Devuan, toleo lisilo na systemd. Kwa seva isiyo na fundi usiku, mimi nachagua systemd kwa kuwa yenyewe yaweza kuinua huduma iliyoanguka, kwa sharti kwamba isanidiwe vizuri.

Wengi huandika mstari wa Requires= kwenye faili la huduma wakidhani wamepanga zamu. Hapana. Mstari huo husema huduma hii inaihitaji ile; anayepanga zamu ni After=. Andika yote miwili. Kisha ongeza Restart=on-failure, yaani huduma ikianguka ianzishwe tena, na hapa ndipo wengi wanapokwama: muda wa kawaida wa kusubiri kabla ya kujaribu tena ni milisekunde 100 tu, na systemd huacha kujaribu huduma ikishaanza mara 5 ndani ya sekunde 10. Hifadhidata inayojikagua baada ya umeme kukatika ghafla yaweza kuchukua dakika nzima. Programu yako itakuwa imemaliza nafasi zake zote zamani. Weka RestartSec=10, yaani isubiri sekunde 10 kila mara, itaendelea kujaribu mpaka hifadhidata iwe tayari.

Fanya jaribio kabla msimu haujafunguliwa, mchana, wakati fundi yupo: zima seva, iwashe, usiguse kitu. Subiri dakika chache, kisha andika systemctl --failed uone ni huduma gani imebaki chini.