Kukereza nundu ya mti bila kuipasua

Nundu ya mzeituni mwitu, yaani ule uvimbe unaoota kwenye shina, ikifika kwenye karakana zetu hapa Moshi, mara nyingi huishia kuwa kuni. Fundi akipasukiwa na bakuli moja tu mashineni, basi, mbao imeshapewa jina: ngumu mno. Siyo ugumu. Gogo lililonyooka la mti huohuo ni gumu vilevile, na linakerezeka. Nundu inavunjika kwa sababu nyuzi zake hazina mwelekeo mmoja. Zimezunguka macho ya machipukizi yaliyolala, na katikati yake kuna magamba, mashimo na nyufa. Kisu kinakutana na nyuzi fupifupi ambazo nyuma yake hakuna cha kuzishika.

Kwa hiyo gundi inatangulia kisu. Supagluu nyepesi inajipenyeza yenyewe kwenye ufa. Ile nzito naichanganya na vumbi la mbao hiyohiyo, najazia mashimo. Mbao ikiwa nyeupe napaka kwanza sila (ile dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao) iliyozimuliwa kwa thina, maana supagluu inaacha doa. Skrubu za sahani, kile chuma kinachoshikiza mbao kwenye mashine, ziingie kwenye mbao nzima, siyo kwenye gamba.

Kuhusu mwendo, zidisha kipenyo cha inchi kwa mizunguko ya dakika moja, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 8 linapata mizunguko 750 hadi 1,100 hivi. Nundu yenye mashimo naianza chini ya hapo, nikiwa nimesimama pembeni. Ngao ya uso haina mjadala.

Wengi wanaharibikiwa wakiwa ndani ya bakuli. Ukichimba lote mpaka chini ndipo urudi kupunguza mdomo, umechelewa. Mbao iliyokuwa inaushikilia imeshatoka, na nundu ikipunguzwa hivyo hujikunja palepale, hasa ikiwa bado na maji. Mdomo unakuwa yai: kisu kinaparaza upande huu, kinaruka ule, mara kinadaka. Mimi namaliza ukuta kwa vipande. Inchi ya kwanza kutoka mdomoni naifikisha unene ninaoutaka, nanoa kisu, nashuka inchi nyingine, na juu sirudi tena. Katikati ya bakuli naacha mbao nyingi mpaka dakika za mwisho.

Mgongo wa kisu ndio uguse mbao kwanza. Kisha mkono wa nyuma unapandisha mpini polepole mpaka makali yaanze kutoa utepe mwembamba. Utepe ukigeuka vumbi, kisu ni butu. Ukisikia tik-tik ambayo haikuwepo, zima mashine utafute ufa, uunyweshe gundi kabla ya kuendelea. Na jioni umeme ukianza kucheza, toa kisu kwenye mbao mara moja, hata kama umebakiza kidogo tu.

Msasa wa kuzunguka mashimo napiga kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa. Ukingo wa shimo linalozunguka unanasa karatasi ya msasa, na kidole kinafuata.