Kwa nini ujumbe usiojibiwa hukukosesha usingizi, na yoga inaingiaje hapo?

Umemwandikia mpenzi wako saa mbili usiku. Saa tatu tiki zimegeuka buluu, jibu hakuna. Moyo unakwenda mbio, unaandika tena na tena. Kuna mwingine ambaye akiulizwa tu "tutaonana lini?" anahisi kubanwa, anazima simu.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikwenda Uganda, akawa anazitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala. Aliona kwamba mtoto aliyezoea kuitikiwa na mama huthubutu kutambaa mbali, maana anajua pa kurudi. Wengine walimganda mama, na bado hawakutulia. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walieleza kwamba mapenzi ya watu wazima nayo yana sura hizo: kutulia, kung'ang'ania, kukwepa.

Karne nyingi kabla yao, huko India, Yoga Sutra ya Patanjali, kitabu cha kale cha misingi ya yoga, ilitaja mateso matano ya nafsi. Mawili kati yake ni raga, yaani kunasa kwenye kilichowahi kutupa raha, na dvesha, kukimbia kilichowahi kutuuma. Patanjali hakuwa akisema habari za wapenzi, lakini mimi nawaona wale wawili wa simu humo humo. Dawa yake ni mazoezi ya kudumu pamoja na vairagya. Wengi hudhani vairagya ni kuacha kupenda. Sivyo; ni kulegeza mkono uliokaza.

Mazoezi yenyewe? Kaa, vuta pumzi, itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo. Kisha itazame ile hamu ya kuishika simu: inapanda, inauma, inashuka. Usiitii. Hamu isiyotiiwa mara nyingi hupungua nguvu, na mwili huanza kujifunza kuwa kimya cha mwenzako si kuachwa.

Ila ukiwa na mtu anayekupiga au kukudanganya, hofu yako ni onyo la kweli. Usiipumulie itoweke, tafuta msaada.

Na anayekwepa awe mwangalifu, kwani kukaa peke yake macho yamefumbwa kunaweza kuwa maficho mapya. Kwake zoezi gumu ni kufumbua macho, kwenda sebuleni na kusema "nimeogopa" kabla hajachukua funguo za kuondokea.