Kuondoa fosforasi katika majitaka: maana yake na namna inavyofanyika

Majitaka ya mji yakishapita mtamboni, yakatuama, yakapulizwa hewa na kutoka yakiwa maangavu, mtu huweza kudhani kazi imekwisha. Bado. Ndani ya maji hayo mna fosforasi iliyoyeyuka, haionekani wala hainuki, na mtambo wa kawaida huwa umeondoa sehemu ndogo tu. Kuitoa hiyo iliyosalia kabla maji hayajafika mtoni au ziwani ndiko kunakoitwa kuondoa fosforasi katika majitaka.

Fosforasi ya majitaka haidhuru kwa kuwa ni sumu. Ni kirutubisho, imo katika mifupa yetu na katika kila kiumbe hai. Mtu mmoja hutoa gramu 1 hadi 2 kwa siku, nyingi zikipitia kwenye mkojo. Mwaka 1669 Hennig Brand wa Hamburg alichemsha mikojo mingi akitafuta dhahabu, akaambulia kitu kinachong'aa gizani: ndiyo fosforasi yenyewe. Changanya na sabuni za unga zenye fosfeti (fosforasi iliyoshikana na oksijeni), mabaki ya chakula na maji ya machinjioni, utakuta lita moja ya majitaka ghafi ina takriban miligramu 4 hadi 12.

Ubaya wake huonekana inakofikia. Mwaka 1973, katika ziwa dogo huko Ontario, Kanada, linalojulikana kama Ziwa 226, watafiti wakiongozwa na David Schindler walitandaza pazia la plastiki penye kiuno cha ziwa wakaligawa mapande mawili. Pande zote mbili zilitiwa kaboni na naitrojeni. Upande mmoja tu ulitiwa na fosforasi. Huo ukageuka kijani kibichi kwa mwani, na wa pili ukabaki maji ya kawaida. Picha iliyopigwa kutoka angani ilisema yote. Kuna bakteria wa kijani wanaojipatia naitrojeni kutoka hewani, lakini fosforasi hawawezi kuipata huko, basi ikikosekana majini hukwama. Ikizidi, huzaana, hufa, huoza, na uozo huo hula oksijeni ambayo samaki waliitegemea.

Wakazi wa Ghuba ya Winam, pale Kisumu, hawahitaji kuelezwa maji ya kijani na gugumaji ni nini. Ila tuwe wa haki: katika Ziwa Viktoria, fosforasi nyingi hushuka na vumbi na mvua au huja na udongo unaomomonyoka mashambani. Majitaka ya miji ni sehemu yake tu. Lakini ndiyo sehemu inayopita katika bomba moja, na kwa hiyo ndiyo inayokamatika.

Sasa jambo la kushika kabla ya mengine yote. Naitrojeni inaweza kugeuzwa na bakteria ikawa gesi, ikaondoka zake hewani. Fosforasi haina mlango huo. Haipotei, hubadilisha mahali tu. Kwa hiyo kila mbinu, iwe ya kikemikali au ya kibiolojia, hufanya kazi ileile: kuigeuza kutoka kitu kilichoyeyuka iwe kitu kigumu, kisha kuitoa pamoja na tope.

Njia ya kikemikali haitamshangaza aliyewahi kuona shabu ikikorogwa kwenye ndoo ya maji ya mto. Shabu hukusanya chembe za udongo zikazama chini. Mtamboni hufanya hivyo, na zaidi ya hapo alumini yake hushikana na fosfeti, ikawa chembe zisizoyeyuka. Kloridi ya chuma hufanya vivyo hivyo. Chokaa nayo huweza, ila ni lazima itiwe hadi pH ya maji ipande kupita 10, na tope lake ni jingi mno, ndiyo maana wengi wameiacha. Kwa dawa na vichujio vizuri unaweza kushuka sana: mtambo wa Blue Plains wa Washington, unaotumia dawa ya chuma, umewekewa kikomo cha miligramu 0.18 kwa lita. Gharama ndiyo inayouma. Kwa hesabu ya darasani, atomu moja ya alumini ingetosha kwa atomu moja ya fosforasi, lakini majitaka yana vitu vingine vinavyoidaka njiani, hivyo hutiwa mara moja na nusu, mara mbili au zaidi. Dawa inanunuliwa kila siku, na tope linaongezeka.

Njia ya kibiolojia ndiyo inayonivutia zaidi, kwa kuwa inatumia tabia ya viumbe waliomo tayari ndani ya majitaka. Bakteria wa kawaida wa mtamboni, wakikaushwa, fosforasi huwa asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wao. Wapo wengine wenye hulka ya kuweka akiba. Kazi ya mhandisi ni kuwatengenezea mazingira washinde.

Tope lenye bakteria huanza katika tangi lisilo na hewa, linapokutana na majitaka mapya. Hapo chakula ni tele, hasa asidi za jamii ya siki, ila oksijeni ya kukitumia hakuna. Wengi hukaa wakitazama. Wale wa akiba hukata minyororo ya fosfeti waliyoihifadhi, hupata nguvu humo, hufyonza zile asidi na kuziweka mwilini kama vidonge vya mafuta. Fosfeti iliyokatwa humwagika majini, kiasi kwamba ukipima hapo utaona fosforasi imepanda. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Wakiingia tangi la pili, lenye hewa, huchoma ile akiba ya chakula na kwa nguvu hizo huzoa fosfeti yote waliyoitoa, na nyingine juu yake. Sasa fosforasi yao hufika asilimia 5 hadi 7. Tope la ziada hutolewa wakati huo wakiwa wameshiba.

Barani kwetu njia hii ina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Pretoria, mhandisi James Barnard alikuwa akijaribu kuondoa naitrojeni alipoona fosforasi nayo inatoweka, akatambua kwamba siri ni kulipitisha tope kwanza pasipo hewa wala naitreti (naitrojeni iliyoshikana na oksijeni). Afrika Kusini ilikuwa na haja nayo, maana bwawa la Hartbeespoort hupokea majitaka yaliyosafishwa ya Johannesburg. Mwaka 2011 Singapore ilimpa Barnard Tuzo ya Maji ya Lee Kuan Yew.

Bakteria hawa wana udhaifu wao. Naitreti ikirudi tangi la kwanza, mambo huharibika. Mvua kubwa huwapunguzia chakula. Na joto likipita nyuzi 25 hivi, huweza kuwapa nafasi washindani wanaokula asidi zilezile bila kubeba fosforasi. Kwa miji yetu hilo si dogo, ingawa si kisingizio: Singapore wanaitumia njia hii katika maji ya karibu nyuzi 30. Mitambo mingi huwaachia bakteria mzigo mkubwa, kisha hutia dawa kidogo mwishoni. Mabwawa ya majitaka tuliyoyazoea, kama yale ya Dandora jijini Nairobi, hupunguza vizuri vijidudu vya maradhi, lakini fosforasi nyingi huyapita.

Linabaki tope. Lile la dawa huishikilia fosforasi kwa nguvu, mimea huipata kwa shida. Lile la bakteria, likiozeshwa ili kupata gesi, huiachia tena, nayo hushikana na magnesi na amonia ikawa struvaiti, magamba magumu kama jiwe yanayoziba mabomba. Mitambo kadhaa, kama ule wa Durham, Oregon, tangu 2009, huifanya struvaiti igande kwa makusudi katika chombo chake, ikavunwa kuwa chembe za mbolea. Chembe hizo zikiwa safi, fosforasi ni karibu asilimia 13 ya uzito wake, haziko mbali na mawe ya fosfeti tunayochimba Minjingu, Tanzania.