Draiva mbovu ni nini, na kwa nini inaangusha kompyuta nzima

Draiva ni programu inayokaa katikati ya Windows na kifaa fulani, yani waifai ina yake, sauti ina yake, kadi ya grafiksi ina yake, hata tachpedi ya laptop inayo. Windows yenyewe haijui chipu ya waifai ya kampuni fulani inataka iamriwe vipi, hiyo kazi kaachiwa aliyetengeneza chipu, yeye ndo anaandika draiva na Windows inaongea na draiva tu basi. Ukitaka kujua unazo ngapi fungua Command Prompt andika driverquery, utashangaa urefu wa orodha.

Sasa Chrome ikichemka inajifunga, unaifungua tena maisha yanaendelea, lakini draiva ikichemka unapata ile skrini ya bluu na kazi ambayo hujaseivu imeondoka. Tofauti ni mahali zinapofanyia kazi. Programu za kawaida kila moja inapewa eneo lake la memori na prosesa yenyewe inazizuia zisiguse la mwenzake, ikijaribu tu inauliwa. Draiva nyingi ziko ndani ya keneli kabisa, yani ule moyo wa Windows unaoendesha kila kitu, na huko hamna kuta, draiva ya adapta ya waifai ya bei chee inaweza kuandika popote kwenye memori sawasawa na Windows yenyewe. Ni kama nyumba ya kupanga: mpangaji akiunguza maharage chumbani kwake ni balaa lake na sufuria yake, ila anayechezea waya pale kwenye mita akikosea giza ni la wote.

Kwa hiyo skrini ya bluu sio kompyuta kufa, ni Windows imeamua kusimama makusudi. Imeona kuna kitu ndani ya keneli kimeharibika, na haijui uharibifu umefika wapi, ikiendelea inaweza kuandika takataka kwenye diski yako na mafaili yakaenda, ndo maana inaona bora izime. Zile asilimia unazoona zinahesabu pale chini ni inakusanya ushahidi wa kilichotokea, usiizime kwa nguvu kabla haijamaliza. (Mwaka 2025 Microsoft waliibadilisha kwenye Windows 11 ikawa nyeusi, kwa hiyo ukiona nyeusi yenye maandishi usidhani ni ugonjwa mpya.)

Tatizo ni la zamani. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliandika kwamba asilimia 85 ya kuanguka kwa Windows XP kulikokuwa kunaripotiwa kulitokana na draiva. Baada ya hapo mambo yamekuwa mazuri kiasi, kuanzia Windows Vista sehemu kubwa ya draiva ya grafiksi ilitolewa nje ya keneli, na kadi ikikaa sekunde 2 bila kujibu Windows inairistati hiyo kadi peke yake, skrini inakuwa nyeusi kidogo halafu inarudi. Ikishindwa kurudi ndo unapata skrini ya bluu iliyoandikwa VIDEO_TDR_FAILURE.

Na usifikiri ni shida ya laptop za mtumba tu. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili moja dogo la data, kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa saa 1 na dakika 9 asubuhi, na saa 2 na dakika 27 walikuwa wameshalirudisha, lakini Microsoft walikadiria kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeshaanguka, viwanja vya ndege, hospitali, benki. Draiva yao, csagent.sys, ilikuwa na vipande 20 vya taarifa mkononi, data mpya ikaiambia ikasome cha 21 ambacho hakipo, ikasoma memori nje ya mpaka wake, kwisha. Na kwa sababu ni draiva inayoamka mapema Windows inapowaka, kila ukiwasha inaanguka tena. Dawa ilikuwa kuingia Safe Mode (hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu) na kufuta hilo faili, mashine moja baada ya nyingine, watu wa IT walikesha. Angalia hapo: dawa haikuwa kupiga Windows upya.

Nalisema hilo kwa sababu huku kwetu dawa ya kwanza ya skrini ya bluu ni kupiga Windows. Unampelekea fundi, anaformati, anaweka draiva kutoka kwenye ile flashi yake yenye draiva za mashine zote duniani, baada ya wiki inaanguka tena kwa sababu draiva iliyoua mwanzo ndo hiyohiyo imerudishwa. Kabla ya kuformati mtafute muuaji kwanza.

Anza na maneno yaliyoko kwenye skrini yenyewe, piga picha na simu. Kama inapotea haraka mno, bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced halafu Startup and Recovery, toa tiki kwenye Automatically restart. Ukiona DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL hiyo ni draiva imegusa memori isiyoruhusiwa kuigusa kwa wakati ule, mara nyingi za mtandao. DRIVER_POWER_STATE_FAILURE ni ya wale wanaofunga mfuniko laptop ilale halafu wakiiamsha inaanguka, kuna draiva imeshindwa kulala au kuamka. Wakati mwingine jina la faili linaandikwa palepale, nvlddmkm.sys ni NVIDIA, zinazoanza na rtw mara nyingi ni waifai ya Realtek.

Jina lisipoonekana, nenda folda ya C:\Windows\Minidump, kwa kawaida kila kuanguka kunaacha faili lake humo. Ukiwa na BlueScreenView ya NirSoft, ambayo ni ya bure, inakusomea na kukuonyesha draiva iliyokuwa eneo la tukio. Hapa watu wengi wanapotea: wanaona ntoskrnl.exe wanasema aah Windows imeharibika. Hiyo ni keneli yenyewe, mara nyingi ndo iliyokuta maiti, sio iliyoua. Usitegemee faili moja, angalia kadhaa, jina lipi la nje ya Microsoft linajirudia. Na bonyeza tena Windows na R, andika perfmon /rel uone kalenda ya matukio ya kompyuta, ukikuta kuanguka kumeanza siku ileile draiva ya grafiksi ilipoapdetiwa, hapo huhitaji mganga.

Ukishamjua, fungua Device Manager, bonyeza kifaa mara mbili, kwenye Driver kuna kitufe cha Roll Back Driver kinachorudisha toleo la nyuma. Kikiwa kimefifia maana yake la nyuma halipo, basi iondoe na uweke nyingine kutoka tovuti ya aliyetengeneza laptop yako, kwa modeli yako kabisa, sio modeli inayofanana. Windows ikikataa kuwaka vizuri, kwenye skrini ya kuingilia shikilia Shift ukibonyeza Restart, pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, ikiwaka tena bonyeza 4. Safe Mode inawasha draiva za lazima tu, kwa hiyo kompyuta ikitulia humo siku nzima na nje inaanguka, ushahidi ndo huo. Grafiksi ni sumbufu zaidi, mabaki yake yanabaki hata ukiondoa, kwa hizo watu wanatumia DDU (Display Driver Uninstaller), programu ya kusafisha mabaki hayo, humohumo ndani ya Safe Mode.

Zile programu zinazokuambia una draiva 37 zimepitwa na wakati lipia tukurekebishie, achana nazo. Draiva inayofanya kazi vizuri haina haja ya kubadilishwa kisa kuna mpya. Halafu ukisharudisha ya zamani, simamisha apdeti za Windows kwa muda, maana yenyewe inaweza kukuletea ileile mbovu usiku umelala na asubuhi ukaanza upya.

Kama majina ya draiva yanabadilikabadilika kila inapoanguka, leo sauti kesho waifai keshokutwa mfumo wa mafaili, hapo anza kushuku RAM, yani zile stiki za memori. Bonyeza Windows na R, andika mdsched uipime, ikikuonyesha makosa chomoa stiki moja ujaribu na nyingine. Na ukiona WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni prosesa au kifaa kingine kinalalamika chenyewe, mara nyingi joto, umeme au kifaa kilichochoka, hapo kubadilisha draiva mara nyingi ni kupoteza bando tu, fungua chini usafishe feni kwanza.