Mnayoambiwa kuhusu Sultani Yusuf wa Mombasa

Naongoza wageni Fort Jesus na Mji wa Kale, na kuna neno nimelisikia mpaka limenichosha: "Si ndiye yule sultani kigeugeu, Mkristo asubuhi, Mwislamu jioni, akawaua Wareno kwa wazimu?" Wageni wa bara wanalisema, na watu wa Mvita wenyewe wanalisema.

Yusuf bin Hasan hakuwa kigeugeu. Anzeni na babake. Sultani Hasan bin Ahmad alikuwa wa ukoo wa Malindi, ukoo ambao Wareno wenyewe waliuleta kutawala Mombasa miaka ya 1590. Alipogombana na kapteni wa ngome alikimbilia bara kwa Wamusungulo. Wareno wakawahonga wale wale waliompokea, akauawa mwaka 1614, na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno kule India.

Mwanawe, mtoto mdogo, akapelekwa Goa hiyo hiyo. Watawa wa Mtakatifu Augustino wakamlea, wakambatiza jina la Dom Jerónimo Chingulia, akasomeshwa, akatumika katika meli za vita za Wareno, akaoa ndoa ya Kikristo. Mtoto yatima mikononi mwa waliomuua babake, alikuwa na dini gani ya kuchagua? Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe sultani. Kiti kilikuwa chake, amri ikabaki kwa kapteni.

Hapa ndipo kaburi linapoingia. Ushahidi wa kiapo uliochukuliwa Goa baada ya mambo kuharibika unaeleza kwamba Yusuf alikuwa akienda kwenye kaburi la babake na kumwombea kwa Kiislamu. Mtu akamchungulia, akampelekea habari kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na kapteni akaanza kupanga arudishwe Goa akahukumiwe. Yusuf akapata fununu. Katikati ya Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni kwa mkono wake mwenyewe.

Miaka 17 ilikuwa imepita tangu babake auawe. Jameni, nyinyi mnaowasomea Fatiha wazazi wenu makaburini, mtu kama huyu mnamwitaje kigeugeu?

Simsafishi. Waliouawa walikaribia 300, wanawake na watoto wakiwemo, na si Wareno peke yao: Waafrika Wakristo waliokataa kusilimu waliuawa pia. Kanisa la Goa lilianzisha kesi ya kuwatambua kuwa mashahidi wa imani. Anayemwita Yusuf shujaa bila kuitaja damu hiyo anapotosha sawasawa na yule wa "kigeugeu".

Lakini jina baya alilonalo lina mwandishi, na mwandishi huyo unaweza kumwona kwa macho. Ushauri wangu, ambao nampa kila mgeni hata kama ana haraka: usikimbilie mizinga. Simama langoni kwanza, tazama juu. Kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno, la kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Anajisifu kwamba aliikuta pwani imeasi chini ya mfalme dhalimu, naye akaitiisha. Huyo dhalimu ni Yusuf. Endelea kusoma: Cabreira anajivunia kuwaadhibu watu wa Pate na Siyu, na kwamba kule Pemba aliwaua viongozi walioasi pamoja na wakuu wa mji. Kisha anataja zawadi alizopewa kwa kazi hiyo. Mtu wa namna hii ndiye tumemwachia atuambie nani alikuwa dhalimu! Hata habari za kaburini tumezipata kwa mashahidi wa upande wa Goa. Yusuf hakuachiwa jiwe la kujieleza.

Mengine mnayoambiwa nitayapitia upesi.

Kwamba aliwafukuza Wareno: la. Manowari za Goa zilikuja mapema mwaka 1632 zikashindwa, ni kweli, ila Mei ya mwaka ule ule Yusuf aliibomoabomoa ngome, akapanda meli kwenda Arabuni. Agosti Wareno wakarudi, wakakaa mpaka Desemba 1698, Waomani walipoiteka ngome baada ya kuizingira tangu Machi 1696.

Kwamba Fort Jesus ilijengwa na Waarabu: ilianzwa na Wareno mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati.

Kwamba Yusuf amezikwa kwenye makaburi ya Wamazrui karibu na ngome: hapana. Alifia mbali, Jeddah, mnamo 1638, baada ya miaka ya kushambulia meli za Wareno baharini. Wamazrui walikuja kushika Mombasa karibu karne nzima baadaye, wakiwa maliwali wa Oman. Wana habari zao kubwa: walikataa kumtii Imamu Ahmad bin Said wa Oman, wakajitawala, Muyaka bin Haji akasimama upande wao kwa mashairi, mpaka Seyyid Said alipowashinda mwaka 1837. Ukienda kuwazuru, ulizia hayo. Na mwongozaji akikuonyesha kaburi pale akakwambia ni la Sultani Yusuf, mshukuru, kisha tafuta mwingine.