Kuchoma DVD ya kucheza kwenye deki: yanayosemwa na ukweli wake

Deki ikikataa diski, lawama huenda kwanza kwa diski, kisha kwa lensi. Mara nyingi kosa limeshafanyika kabla draivu haijaanza kuchoma, pale faili zilipokuwa zinaandaliwa.

"Weka MP4 kwenye DVD tupu, choma, itacheza."

Hapo umetengeneza diski ya data. Kompyuta itaisoma vizuri tu, lakini deki inatafuta kitu kingine: folda inayoitwa VIDEO_TS, yenye faili za aina tatu. IFO ndizo zinazoielekeza deki menyu iko wapi na kila sura inaanzia wapi. BUP ni nakala za akiba za hizo IFO. VOB ndizo zilizobeba picha na sauti, na kila moja haizidi GB 1, ndiyo maana sinema moja hukatwa vipandevipande. Ndani ya VOB picha kwa kawaida huwa MPEG-2 ya pikseli 720×576 kwa fremu 25 kwa sekunde (mfumo wa TV uitwao PAL), au 720×480 kwa fremu 29.97 (mfumo wa NTSC), na sauti huwa ya 48 kHz, kwa kawaida ya aina ya AC-3. Picha ya H.264, ambayo ndiyo imejaa kwenye simu, haimo kabisa katika kiwango cha DVD. Zipo deki zinazosoma AVI au MP4, lakini huo ni ukarimu wa mtengenezaji. Usiutegemee unapomchomea mtu ambaye deki yake huijui.

Kubadili jina la faili kutoka .mp4 kuwa .vob hakugeuzi chochote kilichomo ndani.

Kwa hiyo kazi ina hatua tatu: kugeuza video kuwa MPEG-2, kuipanga kwenye VIDEO_TS, halafu kuchoma. Programu ya DVDStyler inafanya zote tatu. ImgBurn haigeuzi video. Yenyewe inachoma, na inachoma vizuri. HandBrake, ambayo watu huipendekeza kila mara, inafaa kwa safari ya kurudi tu, kutoka DVD kuwa faili: inatoa MP4, MKV au WebM, haitoi DVD. Anayependa kuandika amri mwenyewe, hatua ya kwanza kwa ffmpeg ni hii:

`ffmpeg -i video.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 video.mpg`

"Faili ina MB 700, basi zitaingia sita."

Hili ndilo linalowakwamisha wengi. Ukubwa wa faili ya mwanzo hauna maana hapa, kwa sababu video inasimbwa upya, yaani inageuzwa kuwa MPEG-2. Kinachohesabiwa ni muda. Sinema sita za saa moja na nusu ni saa 9, na diski moja ingezipa megabiti 1.16 tu kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Hiyo si picha ya kumwonyesha mtu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Diski ya GB 4.7 ina baiti bilioni 4.7 (Windows huandika 4.37 kwa sababu inahesabu kwa 1,024, hujaibiwa). Zidisha kwa 8 upate biti bilioni 37.6, kisha gawa kwa sekunde za video yako. Dakika 120 ni sekunde 7,200, jibu ni kama megabiti 5.2 kwa sekunde. Punguza asilimia 4 hivi kwa ajili ya menyu na mpangilio wa diski, toa 0.192 ya sauti ya AC-3, zinabaki 4.8 za picha. Inapendeza. Kwa saa 3 utabaki na kama 3.1, na hapo maji, moshi na umati wa watu huanza kuonyesha miraba. Zaidi ya hapo gawa kwenye diski mbili au tumia diski ya tabaka mbili, ya GB 8.5. Ukilazimika kubana, chagua kusimba kwa mizunguko miwili: wa kwanza programu inakagua wapi pana mwendo mwingi, wa pili inagawa biti kulingana na mahitaji.

Video fupi nayo ina mtego wake. Saa moja hesabu inakupa zaidi ya 10, lakini kiwango kinaruhusu 9.8 kwa picha na 10.08 kwa jumla, na deki nyingi hukwamakwama kwenye diski ya kuchomwa kabla hata ya kufika huko. Ishia 8.

"Video ya HD itabaki HD."

Haibaki, inashushwa hadi 720×576 au 720×480. Cha kuangalia ni alama ya 16:9. Ukiisahau, video pana hubanwa iingie 4:3 na watu wote wanakuwa wembamba.

"Sauti imeachana na midomo, draivu ni mbovu."

Draivu haihusiki. Simu nyingi hurekodi kwa fremu zisizo na kasi moja: mara 30 kwa sekunde, mara 24, kutegemea mwanga. Programu ikizichukulia kuwa ni sawa, sauti inaachwa nyuma kidogokidogo, na mwisho wa video pengo linaonekana wazi. Geuza kwanza iwe na kasi isiyobadilika, ndipo uitengenezee DVD.

"Choma kwa kasi ndogo kabisa."

Ushauri huu umepitwa na wakati. Diski za 16x zimetengenezwa kwa kasi za juu, na draivu nyingi hazina hata mpangilio wa 1x kwa ajili yake. Kati ya 4x na 8x panatosha, kisha ruhusu programu ihakiki ilichoandika.

"Imekataa kwa sababu ya rijini."

Diski uliyoichoma mwenyewe kwa kawaida haina kizuizi cha rijini, yaani cha eneo la dunia inakoruhusiwa kuchezwa. Chunguza PAL na NTSC kwanza. Kwa deki ya zamani tumia DVD-R; DVD-RW huakisi mwanga hafifu zaidi na deki hizo hushindwa kuisoma. Hakikisha pia programu imeifunga diski mwishoni (finalize), maana iliyoachwa wazi hucheza tu pale ilipochomwa.

"Imecheza kwenye VLC, basi iko sawa."

VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, hucheza karibu kila kitu, hata kilichopangwa ovyo. Fungua diski uone kilichomo. Ukikuta faili moja ya .iso, umeichoma kama faili ya kawaida badala ya kuchagua kuchoma taswira ya diski. Ukikuta VIDEO_TS, na AUDIO_TS iliyo tupu, usihangaike: AUDIO_TS huwa tupu. Ijaribu kwenye deki halisi, na uruke hadi dakika za mwisho, kwa sababu makosa ya kuchoma hujikusanya ukingoni mwa diski.

Stika ya karatasi usibandike. Ikikaa upande kidogo, diski inayumba inapozunguka kwa kasi. Andika kwa kalamu ya ncha laini.