Jangwa lina wenyewe

Skripti ikishataja jangwa, hapa Kinondoni hakosekani wa kusema: "Kule hakuna mwenyewe, tunapakia kamera tunaenda." Kauli hiyo imeshakula bajeti nyingi.

Ni kweli ardhi yote Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Lakini ya umma si sawa na isiyo na mwenyewe. Sheria za ardhi za mwaka 1999 ziliigawa mafungu matatu: ardhi ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Ukisimama Engare Sero, kando ya Ziwa Natron, utaona vumbi tupu mpaka macho yachoke, kumbe uko ndani ya kijiji, na hapo unapotaka kuegesha jenereta ni malisho ya ng'ombe wa watu. Anza ofisi ya kijiji, na uende na subira. Kikao hakiitishwi kwa sababu wewe umetoka Dar.

"Si nina kibali cha Bodi ya Filamu?" Kinahitajika, sawa, ila hakikufungulii geti la Ngorongoro, wala hakirushi droni. Geti lina mamlaka yake, na droni ni habari ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Wengine wanataka mchanga wa njano. Mchanga unaohama karibu na Oldupai ni mweusi! Ni majivu ya volkano yenye madini ya sumaku, ndiyo maana chembe zake hushikana na tuta likatembea zima zima, mita kadhaa kila mwaka. Kwa hiyo picha ya zamani uliyoitoa mtandaoni usiichoree shoti.

Halafu kuna hili la pakavu kutokuwa na mafuriko. Korongo linakuvutia kama barabara ya gari la vifaa, mvua inanyesha milimani usikoiona, maji yanakukuta kwenye jua kali. Msimu wa masika usilale humo.

Mwanga nao: karibu na Ikweta jua hushuka wima, ule wakati mzuri wa jioni haukai. Kagua eneo saa ileile utakayoshuti. Ukifika, zima injini, kaa kimya dakika tano ukiwa umevaa hedifoni. Upepo wa Natron hauonekani kwenye picha, ila kwenye maiki utausikia.